Ndege ya kuunda nyumbani: uzito na msawazo hupimwa kabla ya kuruka

Dereva wa lori anayepita barabara ya Lusahunga kwenda Rusumo anaujua mzani wa Nyakahura, wilayani Biharamulo. Anajua pia kwamba kutozidisha uzito wa jumla hakutoshi. Lori linaweza kuwa ndani ya kiwango kwa jumla, lakini ekseli moja ikawa imebebeshwa mno kwa sababu mzigo umepangwa vibaya.

Ndege nayo iko hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba lori lililopangwa vibaya linasimamishwa barabarani, dereva anashuka na mzigo unapangwa upya. Ndege iliyopangwa vibaya ikishaacha ardhi haina mahali pa kusimama.

Tumeandika makala hii kwa sababu vijana wengi wanaotusikiliza huko Ngara na Biharamulo wana mikono ya ufundi. Wapo wanaotazama video kwenye simu na kujiuliza: injini ya pikipiki ipo, mabomba ya alumini yapo, mbona nisiunde ndege? Swali hilo si la kuchekwa. Huko Tunduma, mkoani Songwe, fundi mmoja alijulikana nchi nzima kwa kuunda helikopta. Kenya, mtaalamu mmoja wa kompyuta kutoka Nyeri alijulikana kwa kuunda ndege nyumbani akitumia injini ya gari. Marekani, watu wanaounda ndege zao wenyewe wana chama chao tangu mwaka 1953, na maelfu ya ndege hizo zinaruka.

Lakini wale wanaofanikiwa wana jambo moja ambalo halionekani kwenye video. Kabla ya kuruka wamepima, wamepiga hesabu na wameandika. Leo tunaeleza wanapima nini, wanapimaje, na kwa nini mtu anaweza kufa kwa sentimita tatu tu.

Maswali mawili, si moja

Swali la kwanza: ndege ina uzito gani kwa jumla? Hapa tunahesabu ndege yenyewe, mafuta, rubani, abiria na mizigo. Mabawa yana kikomo cha kubeba, na injini ina kikomo cha kuvuta.

Swali la pili: uzito huo umekaa wapi? Kila kitu kina sehemu moja ambayo ukikitegemeza hapo kinakaa sawa, hakilali huku wala kule. Mama akibeba mkungu wa ndizi kichwani huutafuta msawazo huo bila kuambiwa. Sehemu hiyo tutaiita kitovu cha uzito.

Swali la kwanza watu wengi hulikumbuka. La pili husahaulika, na ndilo linaloua haraka zaidi.

Anayebeba ndizi kwa baiskeli kwenye vilima vya Ngara analielewa vizuri. Mikungu minne iliyofungwa kwenye keria nyuma kabisa ya gurudumu hunyanyua usukani, tairi la mbele likawa halishiki barabara. Mikungu ile ile ikisogezwa mbele kidogo, baiskeli inaendeshwa. Uzito haukubadilika. Kilichobadilika ni mahali.

Tulichojifunza ziwani

Sisi watu wa kanda ya ziwa tumelipia somo hili kwa machozi. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba iliyokuwa ikitoka Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara. Zaidi ya watu 220 walikufa.

Chombo chenye watu wengi kupita kiasi kiko hatarini tayari. Watu hao wakisogea upande mmoja, msawazo unapotea kwa dakika chache. Majini kuna mbao za kushika na kuna wavuvi wa kuja kuokoa. Angani hakuna.

Tena kisa cha angani kipo jirani. Tarehe 25 Agosti 2010, ndege ndogo yenye watu 21 ilianguka ikikaribia kutua Bandundu, nchini Kongo. Watu 20 walikufa. Kwa simulizi ya mtu mmoja aliyepona, mamba mdogo aliyefichwa ndani ya begi la abiria alitoka, watu wakashtuka na kukimbilia mbele, na ndege ikapoteza msawazo. Watu walicheka waliposikia habari ya mamba. Rubani hana cha kuchekea abiria wote wanaposogea kwa mpigo.

Ikilemea mbele, ikilemea nyuma

Ndege ya kawaida hubebwa na bawa la katikati, na mkia husaidia kuiweka sawa. Mkiani kuna kibao ambacho rubani hukichezesha kwa usukani ili kupandisha au kushusha pua. Kibao hicho kina nguvu, lakini nguvu yake ina mwisho.

Kitovu cha uzito kikiwa mbele mno, pua inakuwa nzito. Ndege inakimbia mbali kabla ya kunyanyuka. Ikifika wakati wa kutua, rubani anavuta usukani hadi mwisho na pua haipandi vya kutosha. Gurudumu la mbele linagonga ardhi kwanza. Ni ajali mbaya, ila mara nyingi dalili zake huonekana mapema, ndege ikiwa bado chini.

Kitovu kikiwa nyuma mno, mambo hugeuka. Ndege inanyanyuka upesi, na rubani asiyejua anafurahi. Kisha pua inaendelea kupanda yenyewe. Rubani anasukuma usukani mbele lakini mkia umeshindwa. Mwendo unapungua, bawa linapoteza nguvu ya kubeba, na ndege inaanguka huku ikizunguka kama pia. Ndege iliyolemea nyuma huenda isitoke kabisa kwenye mzunguko huo, hata kwa rubani hodari.

Unaweza kuliona jambo hili nyumbani. Kunja ndege ya karatasi na uirushe. Kisha bana kibanio cha karatasi mkiani na uirushe tena: itainua pua, itasimama hewani na kuanguka. Hamishia kibanio kwenye pua: itateleza mbele. Watoto watacheka, lakini somo ni lile lile.

Hata waanzilishi walipitia huko. Ndugu wawili wa Marekani, Orville na Wilbur Wright, waliruka kwa mara ya kwanza Desemba 1903. Mwaka 1904 ndege yao ya pili iliwasumbua, ikipanda na kushuka kama mtumbwi kwenye mawimbi. Walifunga vyuma vya takriban kilo 32 sehemu ya mbele ili kusogeza kitovu cha uzito.

Maneno manne ya kukumbuka

Hesabu yenyewe ni ya kuzidisha na kugawanya. Aliyemaliza darasa la saba anaiweza. Kwanza tuelewane maneno.

Alama ya kuanzia: ni sehemu moja unayoichagua, mara nyingi ncha ya pua, na vipimo vyote huanzia hapo. Ukishaichagua usiibadilishe.

Umbali: ni sentimita kutoka alama ya kuanzia hadi mahali kitu kilipo.

Nguvu ya kulemea: ni uzito wa kitu mara umbali wake. Kilo 10 zilizokaa sentimita 200 zinatoa 2,000. Ndiyo maana mtoto mwepesi aliyekaa mwisho wa ubao wa bembea anaweza kumnyanyua mtu mzima aliyekaa karibu na katikati.

Kitovu cha uzito: jumlisha nguvu zote za kulemea, kisha gawanya kwa uzito wote. Jibu ni sentimita, na linakuambia kitovu kiko wapi.

Jibu hilo hulinganishwa na mipaka miwili, wa mbele na wa nyuma, iliyowekwa na mhandisi aliyechora ndege. Kwenye ndege ndogo nyingi za kawaida, mipaka hiyo huwa kati ya asilimia 15 na 30 hivi ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wake wa mbele. Lakini usichukue mipaka ya ndege moja ukaipachika kwenye nyingine. Mipaka iko kwenye michoro ya ndege husika.

Kuipima ndege hatua kwa hatua

Ndege hupimwa ikiwa imekamilika kabisa: viti vimefungwa, rangi imepakwa, betri ipo mahali pake, oili imejazwa kama michoro inavyosema. Mafuta ya tangi humwagwa. Vifaa vya ufundi vilivyosahaulika ndani hutolewa, kwa sababu spana moja iliyobaki mkiani inaharibu hesabu.

Kwanza, ipimie ndani ya jengo lenye sakafu tambarare na milango imefungwa. Upepo ukipita kwenye bawa hulinyanyua kidogo na mizani itadanganya.

Pili, weka mizani mitatu, mmoja chini ya kila gurudumu. Inatakiwa mizani ya kukanyagwa, si ile ya kuning'iniza. Mizani iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo, kama ile inayotumika kununulia kahawa kwenye chama cha msingi.

Tatu, iweke ndege katika mlalo wa kuruka kwa kutumia pimamaji. Ikibidi, weka vipande vya mbao chini ya gurudumu. Mbao hizo na vizuizi vya magurudumu navyo vina uzito. Vipime peke yake na uvitoe kwenye jibu.

Nne, shusha timazi kutoka ncha ya pua hadi sakafuni na uweke alama. Fanya hivyo pia kwenye kitovu cha kila gurudumu. Sasa pima kwa tepu sakafuni kutoka alama hadi alama. Usipime kwa kufuata mzingo wa bodi, maana utapata umbali wa uongo.

Tano, soma mizani, andika, shuka, pima tena. Majibu yakitofautiana, tafuta sababu kabla ya kuendelea.

Kwa fundi wa ujenzi hakuna kifaa kigeni hapo. Timazi, pimamaji na tepu ndivyo hivyo hivyo vya kujengea nyumba.

Mfano wa hesabu

Tutumie ndege ya mfano tu, ya viti viwili, yenye gurudumu moja mbele na mawili nyuma yake. Tarakimu hizi tumezitunga kwa kufundishia. Usizitumie kwenye ndege ya kweli.

Michoro inasema uzito wa juu kabisa ni kilo 560. Kitovu cha uzito kiwe kati ya sentimita 171 na 192 kutoka ncha ya pua.

Ndege tupu:
- Gurudumu la mbele: kilo 60, umbali sentimita 60. Nguvu ya kulemea 3,600.
- Magurudumu mawili makubwa: kilo 130 na kilo 130, jumla 260, umbali sentimita 210. Nguvu ya kulemea 54,600.
- Jumla: kilo 320 na 58,200.

Gawanya 58,200 kwa 320. Unapata karibu sentimita 182. Ndege tupu iko sawa.

Sasa tuipakie. Rubani na abiria wana kilo 150 kwa pamoja, viti viko sentimita 200, inakuwa 30,000. Begi la kilo 20 nyuma ya viti, sentimita 270, inakuwa 5,400. Mafuta lita 55, ambayo ni kama kilo 40, tangi liko sentimita 140, inakuwa 5,600.

Uzito wote: 320 + 150 + 20 + 40 = kilo 530.
Nguvu zote: 58,200 + 30,000 + 5,400 + 5,600 = 99,200.
Kitovu: 99,200 gawanya kwa 530 = sentimita 187.

Uzito haujazidi. Kitovu kiko ndani ya mipaka. Mafuta yakibaki kilo 10 tu, uzito utakuwa 500, nguvu 95,000, na kitovu sentimita 190. Bado iko ndani. Safari hii inawezekana.

Hatari iliyojificha kwenye tangi

Siku nyingine abiria yule yule anakuja na nusu gunia la maharage. Badala ya kilo 20, nyuma ya viti kuna kilo 50.

Uzito wote sasa ni kilo 560. Haujazidi hata kilo moja. Nguvu ya kulemea ya mzigo ni 13,500, na jumla ya nguvu zote ni 107,300. Gawanya kwa 560: sentimita 191.6. Mpaka ni 192. Mtu mwenye haraka atasema, "Imepita, twende."

Ndege inaondoka vizuri. Lakini injini inakula mafuta, na tangi la ndege hii liko mbele ya viti. Kila lita inayoungua inapunguza uzito wa mbele, na kitovu kinasogea nyuma polepole bila mtu yeyote kugusa kitu. Mafuta yakibaki kilo 10, uzito ni 530, nguvu ni 103,100, na kitovu kimefika sentimita 194.5.

Kimetoka nje ya mpaka kwa sentimita mbili na nusu. Kimetoka wakati gani? Wakati wa kurudi kutua, ndege ikiwa chini, mwendo ukiwa mdogo, na rubani amechoka. Ndiyo maana hesabu hufanywa mara mbili kila safari: ya kuondoka na ya kutua.

Namna ya kurekebisha

Dawa ya kwanza ni kupunguza mzigo. Ni dawa ya bure na haina hesabu ngumu.

Dawa ya pili ni kuhamisha kitu kizito ambacho lazima kiwepo. Tuseme betri ya kilo 10 imefungwa nyuma ya viti, sentimita 260. Fundi anaihamishia karibu na injini, sentimita 110. Imesogea sentimita 150. Kilo 10 mara 150 ni 1,500. Gawanya kwa uzito wa 530: kitovu kinasogea mbele kwa karibu sentimita 2.8. Ile 194.5 inakuwa 191.7.

Imerudi ndani, ila kwa ukingo mwembamba mno. Fundi mwenye busara bado atapunguza maharage.

Dawa ya tatu ni kufunga risasi au chuma kwenye pua. Inasaidia msawazo lakini inaongeza uzito usiofanya kazi, kwa hiyo huwa ya mwisho.

Kila ukirekebisha upande mmoja, angalia na upande wa pili. Rubani mwepesi wa kilo 55 akiwa peke yake, bila mzigo, tangi limejaa: je, ndege haitalemea mbele? Kwa mfano wetu, baada ya kuhamisha betri, jibu ni karibu sentimita 177. Iko salama. Lakini lazima uhesabu ndipo useme.

Tahadhari kubwa iko kwenye injini. Injini ya gari ni nzito kuliko ile iliyotengenezwa kwa ajili ya ndege ya nguvu hiyo hiyo, tena ina rejeta na maji yake. Anayebadilisha injini amebadilisha hesabu yote, na huenda hata michoro haimfai tena.

Vilima vyetu navyo vina neno

Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mito ya Ngara na Biharamulo inayomwaga maji ziwani humo inatoka juu zaidi, na vilima vya Ngara vinapanda zaidi tena.

Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Injini ya kawaida hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, na bawa nalo linahitaji mwendo mkubwa zaidi ili kubeba uzito ule ule. Jua la saa nane mchana huongeza tatizo, kwa sababu hewa ya joto ni nyepesi pia.

Kwa hiyo ndege iliyonyanyuka vizuri na kilo 560 pale Dar es Salaam, karibu na bahari, huenda ikashindwa na uzito huo huo kwenye kiwanja kifupi cha udongo huku kwetu. Marubani wa ndege ndogo hupendelea asubuhi, na hupunguza mzigo. Si kwamba wanaringa.

Usikadirie, pima

Tarehe 8 Januari 2003, ndege ya abiria ya injini mbili ilianguka mara tu baada ya kuondoka Charlotte, Marekani. Watu wote 21 waliokuwemo walikufa. Wachunguzi walikuta mambo mawili yamekutana. Nyaya za kibao cha mkiani zilikuwa zimerekebishwa vibaya, na kitovu cha uzito kilikuwa nyuma kupita mpaka.

Hesabu za uzito zilikuwa zimefanywa, tena kwa utaratibu uliokubalika. Lakini zilitumia wastani wa uzito wa abiria uliopitwa na wakati. Watu halisi na mabegi yao walikuwa wazito zaidi. Baada ya ajali hiyo wastani huo uliongezwa.

Ikiwa kampuni yenye wataalamu ilidanganywa na wastani, fundi wa kijijini asikadirie kwa macho. Debe la mahindi unalikadiria kwa sababu umelibeba mara elfu. Ndege hujaibeba.

Pia mzigo uliopimwa usitembee. Kila kitu kifungwe kwa kamba au wavu. Tarehe 29 Aprili 2013, ndege kubwa ya mizigo ilianguka Bagram, Afghanistan, baada ya angalau gari moja kati ya magari ya kijeshi iliyobeba kulegea na kurudi nyuma wakati wa kupaa. Watu wote 7 waliokuwemo walikufa. Gunia la maharage kwenye ndege ya viti viwili linaweza kufanya kazi ile ile.

Sheria inasemaje

Tanzania, usalama wa ndege unasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Ndege ya Tanzania husajiliwa na hupewa namba inayoanza na 5H. Kuunda ndege uwanjani kwako ni jambo moja, kuirusha ni jambo lingine. Hairuhusiwi kuruka bila kibali cha Mamlaka, na anayeirusha lazima awe na leseni ya urubani.

Tunajua wapo watakaosema sheria inaua vipaji. Tuangalie Marekani, ambako maelfu ya watu wameunda ndege zao. Huko pia ndege hukaguliwa, na karatasi ya uzito na msawazo lazima iwepo. Kwa kawaida hurushwa saa 25 hadi 40 za majaribio mbali na makazi ya watu, bila abiria. Ukaguzi haukuwazuia. Umewafanya waishi na kuunda ndege ya pili.

Kijana mwenye kipaji ana milango ya kugonga. Vyuo vya VETA vinafundisha uchomeleaji, umeme na mitambo. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, jijini Dar es Salaam, kinafundisha uhandisi wa matengenezo ya ndege. Mashindano ya kitaifa ya ubunifu, MAKISATU, yalianza mwaka 2019 na yanapokea wabunifu wasio na shahada. Na kwa kuanzia, unda ndege ndogo isiyobeba mtu, ya karatasi ngumu au mbao nyepesi. Hesabu ni ile ile, na ikianguka unaokota vipande na kuanza upya.

Wewe abiria na wewe jirani

Wengi wetu hatutaunda ndege, lakini huenda siku moja tukapanda ndege ndogo, pengine kumsindikiza mgonjwa. Ukiombwa kupanda mizani na begi lako, usione aibu na usipunguze kilo kwa mdomo. Rubani hapimi unene wako, anatafuta kitovu cha uzito. Akikuambia ukae kiti cha mbele, kaa. Akisema begi libaki, liache. Usimfiche kuku, kopo la asali wala mkungu mdogo chini ya kiti. Na ndege ikiwa angani, usihame kiti bila ruhusa.

Jirani wa fundi naye ana wajibu. Kijana akitoa ndege yake nje ya banda, kijiji kizima hukusanyika, simu juu, kelele nyingi: ruka, ruka! Ni vigumu mtu kusema "bado" mbele ya umati. Kabla ya kumshangilia, muulize maswali matatu. Umeipima? Kitovu cha uzito kiko sentimita ngapi? Kibali kiko wapi?

Akikuonyesha karatasi yenye majibu, mpe mkono. Asipokuwa nayo, msaidie kusukuma ndege irudi bandani, na kesho mtafute mizani pamoja.